Fedha za uwandani hufika maua yamekwisha: nani anaamua bajeti ya chuo kikuu cha umma?

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sayansi ya mimea katika chuo kikuu cha umma huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Chuo chenyewe naomba nisikitaje. Mwaka huu wahadhiri wenzangu wamenichagua niwawakilishe kwenye bodi ya kitivo. Mwaka jana idara yetu iliomba shilingi 7,500,000 za kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili Kitulo kwa siku tatu. Ziliandikwa kwenye bajeti, bajeti ikapita, lakini fedha zilitoka Mei. Nilipouliza kikaoni nikaambiwa kuna ukomo, na kwamba bajeti ni kazi ya menejimenti, sisi tushughulike na taaluma. Nani hasa anaamua? Na mhadhiri kama mimi ana sauti gani, au nimechaguliwa kwenda kupiga makofi tu?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuaminiwa na wenzako.

Nianze na huo mwezi wa Mei, maana aliyewahi kupanda Kitulo anauelewa uchungu wa swali lako hata kabla hujalimaliza. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, una aina zaidi ya 350 za mimea, na kati ya hizo okidi peke yake ni aina 45. Maua huanza kufunguka mvua zinaposhika, mwishoni mwa Novemba, yakaendelea hadi Aprili. Ni kwa ajili ya miezi hiyo wenyeji wakauita uwanda huo Bustani ya Mungu. Ikifika Mei mvua imekatika, baridi imeingia, nyasi zimeanza kupauka, na mwanafunzi anayetakiwa kuitambua okidi kwa ua lake anaonyeshwa mabua. Umempandisha kona hamsini na saba za kutoka Chimala hadi Matamba ili aone mahali maua yalipokuwa. Na okidi zile si pambo. Viazi vyake huchimbwa na kupelekwa Zambia, wanakovipika chikanda, na kama vijana wetu hawatazijua zikiwa hai, sijui nani atakuja kutuambia kwamba zimepungua.

Sasa swali lenyewe. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na kwa Hati Idhini ya chuo chako, yaani hati inayokianzisha na kupanga uongozi wake, anayepitisha bajeti ni Baraza la Chuo. Seneti ndiyo yenye mamlaka katika taaluma: mitaala, mitihani, kalenda ya masomo, nani ahitimu na nani arudie. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye Afisa Masuuli, yaani shilingi ikipotea ni yeye atakayesimama mbele ya wakaguzi na mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, si mkuu wa idara wala wewe. Kwa hiyo aliyekuambia bajeti ni kazi ya menejimenti hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Menejimenti huandaa na kutekeleza. Baraza hupitisha, na kwa kawaida Hati Idhini huweka humo wajumbe wanaotoka Seneti na wanaotoka kwa wanataaluma. Itafute ya chuo chako uisome, ni kitabu chembamba. Na kile kinachoandaliwa hutakiwa kianzie chini, kwenye idara.

Ngazi hazifanani kila mahali. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza 1986 kama chuo cha ufundi na kupanda hadi kuwa chuo kikuu 2012, kina Baraza na Seneti yake palepale Mbeya. Mkwawa, pale Iringa, ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, kwa hiyo mambo yake hupita kwenye bodi yake kwanza na bado yana uhusiano na chuo mama. Ndaki ya Mbeya ya Mzumbe hutazama makao makuu Morogoro. Idara iliyo mbali na makao makuu inabidi ianze mapema kuliko wenzake, kwa sababu karatasi yake ina mwendo mrefu.

Sasa huo ukomo. Upo kweli, hakuna aliyeubuni ili kukunyamazisha. Kila mwaka Wizara ya Fedha hutoa Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti, na pamoja nao viwango ambavyo taasisi haitakiwi kuvivuka. Makadirio ya chuo hupita Wizara ya Elimu na kwa Msajili wa Hazina, Bunge hujadili kuanzia Aprili hadi Juni, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Lakini ukiambiwa "ukomo", uliza mara moja: ukomo wa mfuko upi? Chuo cha umma hakina mfuko mmoja.

Mishahara hulipwa na Hazina moja kwa moja kwa mtumishi, na nafasi mpya hutegemea ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kibali cha ofisi ya Utumishi. Bodi ya kitivo inaweza kulalamika kwamba idara ina wahadhiri watatu kwa kozi kumi na mbili, lakini haiwezi kuajiri hata mmoja. Kuna fedha za matumizi mengineyo, zile ambazo maofisini kila mtu huziita OC, na hizo huja kwa mafungu kadiri Hazina inavyoachia. Kuna fedha za maendeleo, ambazo kwa miaka hii karibu kila mtu akizitaja anamaanisha mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021. Mradi huo una mistari yake. Umejenga majengo na kununua vifaa, na nimefurahi kwa moyo wote kuona maabara zikiinuka huku kwetu, ila fedha zake haziwezi kugeuzwa kuwa dizeli ya basi la Kitulo. Na jengo jipya likishakabidhiwa, umeme wake, maji yake na mlinzi wake huhamia kwenye mfuko uleule uliokuwa ukilipia mafunzo yenu. Hilo liulizeni kabla jengo halijazinduliwa.

Mfuko wa mwisho ni mapato ya ndani, na hapa nataka tukae kidogo. Sehemu kubwa ni ada: ile anayolipa mzazi kwa namba ya malipo, na ile inayoletwa na Bodi ya Mikopo moja kwa moja chuoni kwa niaba ya mwanafunzi. Mgao wa mapato haya kwa vitivo na idara hupangwa na chuo chenyewe, baada ya kukadiria wanafunzi wangapi watasajiliwa, watalipa kiasi gani, na lini. Kadirio hilo, kwa maoni yangu, ndilo uamuzi mzito kuliko yote katika bajeti nzima, na hufanywa na watu wachache kabla kitivo hakijaona karatasi yoyote. Ukikadiria wanafunzi wengi kuliko watakaokuja, kila idara itafurahi Februari na kukatwa Januari inayofuata. Ukikadiria wachache mno, fedha zitakuja bila kuwa na mstari wa kutumikia. Kwa hiyo swali lako la kwanza kikaoni liwe hili: kwa programu zetu, mmekadiria wanafunzi wangapi? Mhadhiri anayefundisha mwaka wa kwanza anaijua idadi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote ghorofani.

Fanya na hesabu ndogo uende nayo. Tuseme darasa lenu la mwaka wa pili lina wanafunzi 64 na ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 83,200,000. Safari ya Kitulo ya shilingi 7,500,000 ni kama shilingi tisa katika kila mia waliyolipa wao wenyewe, au shilingi 117,000 hivi kwa kila mmoja. Sisemi ada yote ni mali ya idara. Kuna maktaba, kuna zahanati, kuna malipo ya wahadhiri wa mkataba, kuna paa linalovuja. Nasema ukiingia na hesabu hii, mazungumzo yanaacha kuwa ya kuomba hisani. Na akitokea mtu kusema wanafunzi wachangie kwenye bumu, mwambie bumu ni la chakula na malazi, na kwamba safari hii imo ndani ya mtaala uliopitishwa na Seneti, ambao ada yao ilishaulipia.

Lakini hayo yote hayaelezi kwa nini fedha zilizopitishwa zilifika Mei. Hapo nitakusimulia nilichokiona kwa macho yangu.

Miaka ya mwisho ya utumishi wangu nilikuwa kwenye kamati ya mipango ya kitivo, na idara moja ya sayansi ilikuwa na kilio kama chako kabisa. Kila mwaka safari yao ya mafunzo ilipitishwa, na kila mwaka ilifanyika msimu ukiwa umepita. Pale kitivoni tulishaanza kunong'ona kwamba kuna mtu ana kinyongo nao. Siku moja ya Machi, mvua inapiga bati hadi inabidi kupaza sauti, nikaenda kuketi na mhasibu wa kitivo. Meza yake ilikuwa imejaa vocha, juu ya rundo moja kikombe cha chai. Nikamwomba anionyeshe mstari wa ile safari. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Shilingi 6,000,000, na mbele yake visanduku vinne vya robo mwaka: 1,500,000, tena 1,500,000, tena 1,500,000, tena 1,500,000.

Nikamuuliza nani aliigawa namna hiyo. Hakujibu, akainuka, akachomoa faili la idara, akatoa fomu yao ya makadirio. Ilijazwa vizuri, kwa mwandiko wa mkuu wa idara ninayemfahamu, mtu makini. Safu ya shughuli imejazwa, safu ya kiasi imejazwa. Safu ya robo mwaka ilikuwa tupu toka juu hadi chini. "Mwalimu," akaniambia, "makao makuu wanataka mtiririko wa fedha kwa kila robo. Siwezi kupeleka tupu. Nikagawa kwa nne."

Hakukuwa na kinyongo. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba wanafunzi wasisafiri. Hadi mwisho wa Machi mstari ule ulikuwa na shilingi 4,500,000 tu za kutumia, na mabasi hayakodiwi robo tatu ya safari. Aprili ndipo milioni sita zikatimia, ikaanza kazi ya ankara, kibali, masurufu (fedha za safari zinazotolewa kabla na kurejeshewa hesabu), na Mei wakasafiri. Sasa chukua 7,500,000 zenu, gawa kwa nne. Utapata 1,875,000 kwa robo. Hadi Machi ni 5,625,000. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nasema nenda kwa mhasibu wako, kwa heshima, ukamwombe akuonyeshe.

Mwaka wa fedha na mwaka wa masomo havilali kitanda kimoja, na watu wa idara tunalisahau jambo hilo. Robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba, wanafunzi wako makwao na ada hazijaingia. Robo ya pili, Oktoba hadi Desemba, wanasajiliwa na fedha zinaanza kuonekana. Robo ya tatu ni Januari hadi Machi, na hiyo ndiyo ya maua. Kwa bahati ni robo ambayo chuo huwa kimeshapata sehemu ya ada za muhula wa kwanza. Yaani kwa upande wa fedha taslimu, Januari si mwezi mbaya wa kuomba, mradi mstari wenu uwe umejaa hapo na si Juni. Bajeti ikipita umepewa ruhusa. Fedha huja baadaye, na huja kwa yule ambaye mtiririko wake ulisema lini.

Kuna kasma nayo, yaani kifungu chenye namba ambacho matumizi huandikwa chini yake. Idara nyingi huandika safari ya wanafunzi kwenye mstari uleule wa safari za ndani za watumishi, kwa sababu zote ni safari, zote zina basi na posho. Ukija waraka wa kubana matumizi, kitu cha kwanza kukatwa popote Tanzania ni safari, na mkato huo haumtazami nani anasafiri. Afisa anayekwenda semina Dodoma na mwanafunzi anayekwenda kusoma mimea wanakatwa kwa kisu kimoja. Ombeni ofisi ya mipango iwaonyeshe kasma ya gharama za mafunzo kwa vitendo, na shughuli iandikwe chini ya lengo la kufundisha lililomo kwenye Mpango Mkakati. Msijichagulie namba wenyewe. Kaeni na mhasibu, yeye anajua kasma ipi inakubalika kwa shughuli ipi. Nusu saa ya kikao hicho imewahi kuokoa zaidi ya hotuba zangu zote za bodi.

Sasa nije kwenye lile neno lililokuumiza, kwamba nyinyi mshughulike na taaluma. Nataka ulipokee neno hilo kisha ulitumie. Kila kinachopita Seneti kina bei, na sisi wanataaluma ndio tuliozoea kukipitisha bila kuisoma. Kalenda ya masomo ni ya Seneti. Ikiweka mitihani ya muhula wa kwanza ikabana Februari yote bila wiki ya mafunzo ya uwandani, basi hata fedha zikifika Januari 2 hamna siku ya kusafiri, na hapo aliyeifuta safari ya Kitulo ni Seneti, si mhasibu. Idadi ya wanafunzi watakaodahiliwa kwenye programu hupendekezwa na idara yenyewe. Mtaala unaosema mwanafunzi atafanya majaribio kumi na mawili kwa muhula umeshaagiza kemikali za majaribio kumi na mawili, iwe zipo au hazipo.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nami nilinyoosha mkono. Tulipitisha programu mpya, yenye jina zuri, ambayo mkoa uliihitaji kweli. Kwenye makabrasha kulikuwa na ukurasa mmoja wa rasilimali, umeandikwa kwamba vifaa vilivyopo vinatosha. Hakuna aliyeuliza, tulikuwa na ajenda ndefu na saa saba ilikuwa imefika. Miaka mitatu baadaye niliingia maabara nikakuta wanafunzi kumi na mmoja wameizunguka bureti moja, ile mirija ya kioo yenye koki ya kupimia kimiminika. Mmoja anafungua koki, mmoja anasoma kipimo, tisa wanaandika. Binti mmoja alikuwa amesimama nyuma kabisa, amepanda juu ya kigoda ili aone rangi ikibadilika. Yule binti alilipa ada sawa na anayeshika koki. Sijaacha kumkumbuka, na tangu siku ile sijakubali kikao chochote nilichomo kipitishe programu bila kuusoma ule ukurasa kwa sauti.

Na ukurasa huo una nguvu kuliko unavyodhani. Programu haianzi mpaka Tume ya Vyuo Vikuu iipe ithibati, na Tume huangalia wahadhiri, maabara na vifaa. Chuo kinapowasilisha andiko la programu kinasema kwa maandishi kwamba mafunzo fulani yatatolewa. Kama safari ya uwandani imo kwenye mtaala uliopata ithibati, basi kuiacha si suala la ukata wa idara tena. Chuo kizima kimeacha kutimiza kilichoandika. Hoja hiyo haihitaji kelele. Chukua nakala ya mtaala, piga mstari chini ya sentensi inayotaja mafunzo ya uwandani, iambatishe kwenye fomu ya makadirio. Menejimenti nyingi zina watu waungwana wanaotafuta sababu ya kutetea mafunzo mbele ya wakubwa wao. Wape sababu yenye muhuri.

Ndani ya bodi ya kitivo kwenyewe, jifunze namna kikao kinavyokwenda. Dai makabrasha mapema, uyasome nyumbani. Jambo la fedha usiliingize kwenye "mengineyo", wakati watu wameshafunga kalamu na wanaangalia mlango. Mwandikie katibu wa bodi kabla, liwe ajenda yenye namba. Ukishalisema, hakikisha muhtasari umeandika nani atafanya nini kabla ya lini, kwa sababu kilichomo kwenye muhtasari hurudi kikao kijacho kama yatokanayo, na mwenyekiti lazima akitolee majibu. Mwakilishi anayejua kutumia yatokanayo ana sauti kuliko mwenye sauti kubwa. Omba pia kila robo mwaka bodi ipokee taarifa ya mapato na matumizi ya kitivo: kilichopangwa, kilichopokelewa, kilichotumika. Hiyo haiingilii kazi ya Afisa Masuuli hata kidogo. Na ombi likikataliwa, omba sababu iandikwe.

Usiishie kwenye bodi peke yake. Kuna Baraza la Wafanyakazi, chombo chenye mizizi kwenye Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970, na katika utumishi wa umma kina nguvu ya sheria ya majadiliano ya 2003. Makadirio ya mwaka unaofuata hujadiliwa humo kabla hayajapelekwa juu. Wahadhiri wengi huliona kama mahali pa kudai malimbikizo na kupandishwa madaraja, wakaliacha kwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, THTU na RAAWU, kisha wanashangaa kwamba sura ya bajeti inayohusu maabara ilipita bila mtu kuuliza. Mjumbe wenu humo ni nani? Kama humjui, mtafute wiki hii.

Viti hivi unavyovikuta havikuwekwa bure. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, 1971, kiliingia kwenye mgogoro wa Akivaga, kiongozi wa wanafunzi aliyefukuzwa baada ya barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo kuhusu namna chuo kilivyoendeshwa. Aprili 1990 vyama vya wanataaluma vilikutana wakatoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na ndani yake kulikuwa na dai kwamba vyuo vijitawale kwa demokrasia. Watu hawa walihatarisha masomo na kazi zao ili mtu kama wewe aweze kuuliza kikaoni. Kwa hiyo usione haya kuuliza mara ya pili, na ya tatu.

Nikuonye jambo moja tu. Usimwendee mhasibu wala ofisi ya mipango kama mpelelezi. Nimeona wawakilishi wakianza kwa kutaja ufisadi kabla hawajaona hata vocha moja, na baada ya hapo hakuna faili lililofunguliwa mbele yao. Ukikuta fedha za mafunzo zimehamishiwa mstari mwingine, uliza kwanza kibali cha uhamisho kiko wapi, kwa sababu uhamisho wenye kibali ni halali hata kama unauma. Usio na kibali ni jambo la mkaguzi wa ndani, na baadaye la Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Taarifa zake za kila mwaka huwekwa wazi zikishawasilishwa bungeni. Tafuta humo kilichosemwa kuhusu vyuo vya umma, uone wenzenu walikwama wapi.

Basi kazi yako ya miezi hii ni hii. Usisubiri Juni, Baraza linapoketi. Wakati huo wino umekauka. Mwongozo ukishatoka, ombeni mkuu wa idara aitishe kikao cha saa mbili, ajenda moja. Aalikwe mhasibu wa kitivo, apewe chai. Kila kozi yenye vitendo iletwe na mtaala wake, idadi ya wanafunzi na bei za sasa za basi, mafuta na kiingilio cha hifadhi, si bei mlizonakili kwenye fomu ya miaka minne iliyopita. Kama lazima kitu kipungue, idara ichague yenyewe kipi kipungue na iandike, msimwachie mtu wa ghorofani awachagulie. Na mkifika kwenye safu ile ya muda, msiiache tupu, wala msiandike "muhula wa kwanza". Andikeni: robo ya tatu, wiki ya pili ya Januari, wanafunzi 64, mabasi mawili, Kitulo.